Semei Kakungulu na Hesabu ya Maisha

Katika masomo yetu ya historia tumekwisha kusoma habari za wakuu wengi wa Afrika ya Mashariki: Mirambo wa Unyamwezi, Mutesa wa Buganda, Kabalega wa Bunyoro, na Rwabugiri wetu wa Rwanda. Wote hao tunawajua kwa vita walivyopigana na kwa nchi walizozitawala. Leo napenda kuwaeleza, ndugu wasomaji, habari za mtu mmoja aliyetwaa nchi kubwa kwa bunduki kama wao, lakini jina lake halikudumu kwa ajili ya nchi hiyo, maana alinyang'anywa yote angali hai. Jina lake limedumu kwa ajili ya watu wachache wanaosali juu ya vilima vilivyo karibu na mji wa Mbale, mashariki ya Uganda. Mtu huyo ni Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari wa Waganda, kisha akafa akiwa Myahudi.

Ninayo sababu ya kumchagua yeye. Sisi wa darasa la mwisho, tukiwa karibu kutoka shuleni, tunajiuliza sana maisha yatupasayo kuishi ni yapi. Wayahudi wanayo sala ambayo mtu huisali anapoona kwamba saa yake ya kufa imekaribia, nayo humtaka ayatazame maisha yake yote na kuyatolea hesabu. Nikisoma habari za Kakungulu naona kwamba maisha yake ni kama swali, na sala hiyo ni kama mizani ya kulipimia. Basi nitaanza na maisha yake, kisha nitaeleza sala yenyewe.

Kakungulu alizaliwa karibu na mwaka 1868 katika Kooki, ufalme mdogo uliokuwa kusini ya Buganda, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Akiwa kijana alikwenda Buganda akaingia katika utumishi wa Kabaka Mwanga. Siku zile pembe za ndovu zilikuwa mali kubwa, naye alipata sifa kwa uwindaji wa tembo. Mjini kwa Kabaka walikuwako walimu wa dini tatu: Waislamu waliotoka pwani, mapadre Wakatoliki kutoka Ufaransa, na Waprotestanti kutoka Uingereza. Waganda walizoea kuwaita wafuasi wa dini hizo wasomaji, kwa maana machoni pao dini na kitabu vilikuwa kitu kimoja. Kakungulu alisoma kwa Waprotestanti, akabatizwa, akaitwa Semei. Tulikumbuke neno hilo la msomaji, kwa sababu lilimfuata mpaka mwisho wa siku zake.

Tangu mwaka 1888 Buganda iliingia katika vita vya dini. Mwanga aliondolewa kitini na Waislamu wakashika serikali. Mwaka uliofuata Wakristo waliokuwa wamekimbia walirudi naye kwa silaha. Halafu Wakristo wenyewe, Waprotestanti na Wakatoliki, wakapigana pale Mengo mwezi wa Januari, 1892. Katika mashaka hayo Kakungulu alionekana kuwa mtu hodari asiyeogopa risasi, na vijana wengi wakapenda kumfuata. Akawa jemadari mkubwa wa upande wa Waprotestanti, akapewa na cheo cha Kimbugwe, ambacho kwa desturi ya kale kilikuwa karibu sawa na kile cha Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka.

Lakini Katikiro mwenyewe, Apolo Kagwa, naye alikuwa Mprotestanti, naye alikuwa na nguvu na akili nyingi. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Uadui wao ulizidi hata Kakungulu akaacha cheo chake, akaona kwamba ndani ya Buganda hatapanda tena. Akageuza macho yake upande wa mashariki, ng'ambo ya Ziwa Kyoga, ambako hapakuwa na mfalme mmoja wa kuitawala nchi nzima.

Kabla ya hapo alifanya kazi moja kubwa kwa ajili ya Waingereza. Mwanga alikuwa ameasi mwaka 1897, akaungana na Kabalega wa Bunyoro, ambaye alikuwa amewapinga Waingereza kwa miaka mingi. Tarehe 9 Aprili, 1899, wafalme hao wawili walikamatwa kaskazini ya Ziwa Kyoga na majeshi ya Waingereza pamoja na Waganda wa Kakungulu. Wote wawili walipelekwa uhamishoni visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi akiwa mzee, naye akafa njiani, mjini Jinja, mwaka 1923, asiione tena Bunyoro. Tusisahau kwamba Mwanga ndiye aliyekuwa bwana wake Kakungulu katika ujana. Aliyemlea ndiye aliyemkamata.

Baada ya ushindi huo Kakungulu aliingia Bukedi, jina ambalo Waganda waliipa nchi ya mashariki wanakokaa Wateso, Wagisu, Wagwere na wengine. Akapita na majeshi yake kutoka mahali hata mahali, akajenga maboma, na kila boma akaliwekea Mganda mmoja kuwa mkuu. Serikali ya Kiingereza ilifurahi, kwa maana haikuwa na askari wala fedha za kutosha, na mtu huyu alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa jasho lake mwenyewe. Barabara zililimwa, na mashamba ya migomba kama ya Buganda yakapandwa. Lakini barabara hizo zililimwa na watu wa nchi kwa kulazimishwa, na ng'ombe waliolisha majeshi walikuwa ng'ombe wao. Mtu akiuliza habari za Kakungulu kwa Waganda atasikia sifa za shujaa. Akiwauliza Wagisu au Wateso, atasikia habari za watu waliokuja usiotarajiwa, wakachoma na kutwaa.

Shabaha yake ilikuwa kuwa Kabaka wa Bukedi. Mjumbe mkuu wa Uingereza, Sir Harry Johnston, alipokuwa Uganda, Kakungulu alizungumza naye, akatoka akiamini kwamba cheo hicho amekipata. Waingereza hawakuelewa hivyo, au hawakutaka kuelewa hivyo. Mwaka 1902 walimwondoa katika boma lake kuu la Budaka, na badala ya ufalme akapewa ardhi ya maili 20 za mraba upande wa Mlima Elgon. Hapo ndipo alipoanzisha makao, wafanya biashara wakafuata, na pakawa mji wa Mbale, ambao leo ni mmoja wa miji mikubwa ya Uganda. Serikali nayo ikahamia hapo, ikawa tena juu yake. Mwaka 1906 akahamishiwa Jinja kuwa rais wa baraza la machifu wa Busoga. Kazi hiyo ilikwisha mwaka 1913, akarudi Mbale. Alikuwa na umri wa miaka kama 45, na kila kitu alichokipigania kilikuwa mikononi mwa wengine. Kagwa bado alikuwa Katikiro.

Mtu wa namna hiyo aweza kufanya nini? Wengine hunywa pombe mpaka wakafa. Wengine huanzisha maasi. Kakungulu alikirudia kitabu.

Biblia nzima ilikuwa imekwisha kufasiriwa kwa Kiganda tangu mwaka 1896. Kwanza alijiunga na dini ya Malaki, iliyoanza Buganda karibu na mwaka 1914. Wafuasi wake walisema kwamba Mungu pekee ndiye mponyaji, wakakataa dawa za hospitali na kuchanjwa, wao na ng'ombe wao. Jambo hilo liliwaudhi sana Waingereza, kwa kuwa ndio wakati wa chanjo nyingi. Lakini Kakungulu hakutulia hata huko. Aliendelea kusoma, hasa vitabu vya Musa, akawa anauliza kila mara kwa nini amri zilizoandikwa pale hazifuatwi. Alipofika kwenye amri ya tohara aliyopewa Ibrahimu, akaona kwamba hapa hakuna njia ya kuikwepa. Wenzake wa dini ya Malaki wakampinga, wakamwambia kwamba desturi hiyo ni ya Wayahudi. Yeye akajibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi tangu siku hiyo yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa, akawatahiri na wanawe, naye alikuwa amekaribia umri wa miaka 50. Akakaa Gangama, chini ya Mlima Elgon, pamoja na jamaa waliokubali kumfuata. Watu hao wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Wakati huo hakuwa amepata mwalimu Myahudi. Yote aliyatoa kitabuni, kama msomaji wa zamani. Lakini mwaka 1920 akamkuta Myahudi mmoja mgeni, ambaye Abayudaya wanamkumbuka kwa jina la Yosef tu. Mtu huyo alikaa nao kama miezi sita, akawafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja na vyakula vilivyo halali, akawaonyesha pia mambo ya Kikristo waliyokuwa wakiyachanganya bila kujua, kama ubatizo wa watoto. Kakungulu akayakubali masahihisho hayo. Mwaka 1922 akachapisha kitabu cha Kiganda cha kurasa kama 90, chenye sheria na sala za watu wake.

Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Mwaka 1903, Kakungulu alipokuwa akijenga Mbale, serikali ya Uingereza ilikuwa imewaahidi Wayahudi wa Ulaya waliokuwa wakiteswa kwamba watapewa nchi ya kukaa katika Afrika ya Mashariki. Nchi hiyo ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo ni sehemu ya Kenya, yaani ng'ambo ya pili ya Mlima Elgon huo huo. Mkutano mkuu wa Wayahudi uliikataa ahadi hiyo mwaka 1905. Hivyo Wayahudi waliotazamiwa kuja upande mmoja wa mlima hawakuja, na upande wa pili wakatokea Wayahudi ambao hakuna aliyewatazamia.

Kakungulu alikufa kwa ugonjwa wa pepopunda tarehe 24 Novemba, 1928, akazikwa Gangama. Kaburi lake liko huko mpaka leo.

Sasa tuiangalie sala ya Wayahudi ya saa ya kufa. Inaitwa Vidui, maana yake maungamo. Walimu wao wa kale waliagiza kwamba mgonjwa akikaribia kufa, aambiwe aungame. Lakini waliagiza pia namna ya kumwambia, ili moyo wake usivunjike. Aambiwe kwamba wengi waliungama wakapona, na wengi hawakuungama wakafa. Tena jambo hili lisisemwe mbele ya watu watakaopiga kelele za kilio. Asiyeweza kusema kwa kinywa, na aungame moyoni. Na mwenye nguvu za maneno machache tu, hayo yanatosha.

Maneno ya sala hiyo ni mafupi. Mgonjwa anakiri kwamba kupona kwake na kufa kwake vyote vimo mkononi mwa Mungu. Anaomba apone kabisa. Lakini ikiwa imekwisha kuamriwa kwamba atakufa, anaomba kifo chenyewe kiwe fidia ya makosa yake yote, apate fungu lake pamoja na wenye haki. Huwaombea na jamaa anaowaacha. Mwisho kabisa husema ile imani ambayo mtoto wa Kiyahudi hufundishwa kabla ya nyingine zote, iitwayo Shema, ya kwamba Bwana ni Mungu wao na kwamba ni mmoja. Wayahudi hupenda neno la mwisho la mtu liwe hilo, yaani neno la umoja. Husimulia habari za mwalimu wao mkuu, Rabi Akiva, ambaye Warumi walimwua kwa mateso makali katika karne ya pili kwa sababu alifundisha Torati. Saa ya kuuawa kwake ilikuwa ndiyo saa ya kusali Shema, naye akaisali, akalivuta neno hilo la mwisho hata roho ikamtoka.

Mtu akisha kufa, huvikwa sanda nyeupe isiyo na mapambo, tajiri na maskini sawasawa. Desturi hiyo ilianzishwa na mkuu wao mmoja, Rabani Gamalieli, aliyeagiza yeye mwenyewe azikwe kwa kitani cha bei rahisi, kwa kuwa gharama za mazishi zilikuwa zimewaelemea watu hata wengine wakawa wanawakimbia maiti wao. Jamaa hukaa matanga siku saba. Kwetu Rwanda pia tunajua kukaa ikiriyo na kukiondoa siku zinapotimia, kwa hiyo jambo hilo si geni kwetu. Kisha mtoto wa marehemu husali sala iitwayo Kadishi kwa muda wa miezi 11, mbele ya kusanyiko la watu wasiopungua kumi. Ajabu yake ni kwamba sala hiyo haitaji kifo hata mara moja. Inalisifu jina la Mungu tu. Aliyefiwa husimama mbele ya watu akamsifu yeye aliyetwaa.

Nimeeleza hayo ili tuone yale ambayo sala hiyo haiyaulizi. Haimwulizi mtu alitawala watu wangapi, wala maadui zake walishindwa mara ngapi. Kwa mafundisho ya walimu hao, mtu akifikishwa hukumuni, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama alikuwa mwaminifu katika kuuza na kununua. La pili ni kama alitenga saa za kujifunza. Hebu tumweke Kakungulu mbele ya maswali hayo. La pili angelijibu bila shida. Yeye aliyezoea kuamrisha maelfu alikaa chini kama mwanafunzi mbele ya mgeni asiye na cheo, akakubali kusahihishwa. Huo nauona ushindi mkubwa kuliko ule wa mwaka 1899.

Wako wasemao kwamba alijiunga na Uyahudi kwa uchungu tu, ili awaudhi Waingereza waliomnyima ufalme. Siwezi kusema kwamba uchungu haukuwamo. Mtu aliyedhulumiwa hukitafuta kitabu kwa macho tofauti na ya mtu aliyeshiba. Lakini kama alitaka kuwaudhi Waingereza tu, dini ya Malaki ilitosha, tena ilikuwa na wafuasi wengi sana. Alipoiacha alipoteza hata rafiki wale waliobaki, akabaki na jamaa wachache. Mtu atafutaye ukubwa hatoki penye wengi kwenda penye wachache, wala hajitahiri uzeeni.

Swali la kwanza ndilo gumu. Walimu wa Kiyahudi wanafundisha kwamba ile Siku ya Upatanisho, ambayo huwa kila mwaka, huondoa makosa ya mtu kwa Mungu wake; lakini makosa yake kwa mwenzake hayaondolewi mpaka amwendee mwenzake huyo na kupatana naye. Kwa hiyo maungamo ya kitandani hayakuwekwa yawe njia ya mkato. Wagisu waliochomewa nyumba, Wateso waliotwaliwa ng'ombe, na wale waliolima barabara kwa kulazimishwa, deni lao lilikuwa kwao wenyewe, si mbinguni tu. Kakungulu alimpa Mungu nusu ya pili ya maisha yake kwa moyo mweupe, nami namheshimu kwa hayo. Lakini nusu ya kwanza ilikuwa na wenyewe waliodai, na wenyewe hao walikuwa majirani zake hapo hapo Mbale.

Sisi Wanyarwanda tunalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mabaraza ya Gacaca yalikaa mpaka mwaka 2012, yakasikiliza kesi zaidi ya milioni moja na laki tisa, juu ya vilima vile vile ambako mambo yalitendeka. Aliyetaka kuungama hakuungama kwa Mungu peke yake chumbani. Alisimama mbele ya majirani, akataja jina la aliyeuawa, na mahali alipotupwa, ili watu wakamchukue na kumzika kwa heshima. Sisi tuliozaliwa baadaye tumeyasikia haya kwa wazazi wetu. Tunajua kwamba maungamo yasiyomfikia aliyeumizwa ni nusu ya maungamo.

Basi turudi Mbale. Kakungulu alipokufa, watu wengi walidhani kwamba kazi yake itakufa pamoja naye. Wengine katika wafuasi wake walirudi katika Ukristo, wengine wakaingia Uislamu. Waliobaki waliendelea kushika Sabato na kusoma, wakiongozwa na Samson Mugombe. Katika miaka ya 1970 serikali ya Idi Amin iliikataza dini yao. Masinagogi yakafungwa, watu wakasali kwa siri. Abayudaya, ambao walikuwa wamefikia kama 3,000, walipungua wakabaki mia chache tu. Amin alipoondolewa mwaka 1979, wachache hao, na hasa vijana, walianza upya, wakajenga tena kwenye kilima cha Nabugoye. Mwaka 2002 wengi wao walipokelewa rasmi na marabi waliotoka ng'ambo. Mwaka 2008 mjukuu wa Mugombe, Gershom Sizomu, alimaliza masomo yake huko Los Angeles akawa rabi, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Uganda. Sasa Abayudaya wanahesabiwa kuwa watu wapatao 2,000, na sala zao huimbwa kwa Kiganda na Kiebrania.

Yafaa kukumbuka kwamba hapo Nabugoye, na katika vijiji vinavyouzunguka mji, wengi wa watu hao ni wa makabila ya huko huko mashariki. Yaani wajukuu wa watu ambao Kakungulu aliwatwaa kwa bunduki ndio wanaokitunza kile alichokipata kitabuni. Hawakulazimishwa tena. Boma lake la Budaka halina jeshi, ufalme wa Bukedi haukuwako, na watu wachache sana katika Afrika ya Mashariki wanaojua Kimbugwe alikuwa nani. Lakini kila Ijumaa jua linapotua, mishumaa ya Sabato huwashwa chini ya Mlima Elgon kwa ajili yake.

Walimu wa Kiyahudi wanasimulia juu ya Rabi Eliezeri, aliyewafundisha wanafunzi wake kwamba mtu na atubu siku moja kabla ya kufa. Wanafunzi wakamwuliza mtu atawezaje kuijua siku hiyo. Akawajibu kwamba kwa sababu hiyo hiyo inampasa kutubu leo, maana huenda akafa kesho, na hivyo siku zake zote zitakuwa siku za toba. Kakungulu alipewa miaka tisa, toka tohara yake hata pepopunda. Wengi hawapati hata siku moja.

Wanafunzi wenzangu, baada ya mitihani tutatawanyika kutoka Gitambi, wengine Kamembe, wengine Kigali, wengine Bukavu au mbali zaidi. Kila mmoja anakwenda na ufalme wake mdogo anaoutamani: cheo, duka, gari, au jina. Wazee wetu mliosoma hapa kabla yetu mwaweza kutuambia ni falme ngapi kati ya hizo zinazodumu. Kutamani si dhambi, na kufanya bidii ni wajibu. Lakini kama liko deni kwa jirani, heri kulilipa sasa hivi tungali na miguu ya kumwendea.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita, Gitambi